Usinyamaze, Mzee

Tuseme wazi tangu mwanzo: Mzee Kutosi aliogopa. Mtu mzima, ngariba ambaye vijana wa Mbale wakisikia tu jina lake hubadili njia, alikaa kwenye benchi la kliniki mjini Jinja huku magoti yakimtetemeka ndani ya suruali. Akaweka kofia juu ya magoti hayo ili mkewe asione. Eseza aliona. Utamficha nini mwanamke aliyekufulia mashati tangu ujana wako?

"Unatetemeka," alisema Eseza.

"Ni baridi."

"Jinja hii? Baridi?"

Kutosi akanyamaza. Kunyamaza alikujua vizuri, maana ndiko kulikomlisha.

Kama hujawahi kufika Mbale mwaka wa imbalu, nikueleze. Wamasaaba humtahiri kijana akiwa amesimama, mchana kweupe, mbele ya ukoo mzima, majirani na wapita njia waliosikia ngoma. Hakuna ganzi. Kijana amepakwa unga wa kimea mwili mzima, fimbo ameishika kwa mikono miwili, macho mbele. Akitikisika, hata kope tu, basi aibu hiyo atazeeka nayo, na baba yake atazikwa nayo. Akisimama imara mpaka firimbi ipulizwe, amekuwa mwanamume na hakuna wa kumwambia kitu.

Kisu cha Kutosi kilikuwa cha baba yake, na kabla ya hapo cha babu. Alipofika uwanjani hakusalimia mtu. Alimkazia kijana macho, akamsogelea sikioni, akamwambia maneno yake, kisha akainama akafanya kazi. Waliolia aliwadharau waziwazi. Akipita mtaani kwao Namakwekwe akamwona mmoja wao anaendesha boda yake, aligeuza uso pembeni. Ndivyo alivyokuwa, msiniulize kama ni vizuri.

Sasa, ngariba huinama, na hilo watu hawalifikirii. Huinama, hujipinda, huinuka, anakwenda nyumba nyingine, anainama tena. Mgongo wa Kutosi ulianza kumshika taratibu, chini kabisa, juu ya makalio, na kwa miaka aliudanganya kwa mafuta ya kuchua na vidonge vya dukani. Mwishowe ukakataa kudanganywa. Msimu uliopita, mbele ya umati, alimaliza kumkata kijana na firimbi ikapulizwa, lakini yeye mwenyewe hakuinuka. Alibaki amejikunja mpaka wanaume wawili wakamshika makwapani wakamnyanyua kama gunia la mahindi. Watu wakanong'ona kwamba amelewa. Tangu siku hiyo halali chali, hawezi kuketi kanisani mpaka ibada iishe, na kuvaa soksi ni kazi ya Eseza.

Ndipo mtu akawaelekeza kwa Daktari Meera wa Jinja. Huyu ni binti wa familia ya Kihindi ya pale pale mjini, babu yake alikuwa na kiwanda cha kukamua mafuta, na Kiswahili chake alikiokota utotoni kwa wafanyakazi wa kiwandani. Safari ya kwanza alimpiga Kutosi sindano za ganzi kwenye mishipa midogo ya fahamu inayopeleka maumivu kutoka viungo vya uti wa mgongo. Ilikuwa kujaribu tu, alisema, ili ajue kama ni yenyewe inayomtesa. Salaale! Kutosi aliteremka kitandani akatembea. Alitembea mpaka sokoni, akanunua samaki, akaokota shilingi iliyomwanguka Eseza, kisha akaiangusha makusudi ili aiokote tena. Jioni ganzi ikaisha, maumivu yakarudi nyumbani kwao.

"Basi tumempata mwizi," Daktari Meera alimwambia. "Ukija tena, nitachoma hiyo mishipa kwa joto la mawimbi ya redio. Ikishachomwa, haiwezi kupeleka habari. Watu wengi wanapata nafuu ya mwaka, wengine zaidi. Baadaye inaota tena. Na wengine hawapati nafuu, lazima nikuambie."

Kutosi alirudi Mbale na habari hizo, na hapo ndipo hofu ilipopata chakula. Sharifah, jirani yao anayekaanga chapati mlangoni, alishika kiuno.

"Wakuchome na redio? Redio gani hiyo? Baba, mimi nilisikia mtu alichomwa uti wa mgongo huko Kampala, sasa anatambaa!"

"Ulisikia kwa nani?" Eseza aliuliza kwa ukali.

"Si watu wanasema tu."

Watu wanasema tu! Loo, wangelipishwa kodi kwa kusema, Mbale ingekuwa na lami hadi jikoni. Lakini neno lilikwisha kumwingia Kutosi. Usiku na mchana aliiona miguu yake ikilala mbele yake, mali ya mtu mwingine. Ngariba asiyesimama ni nini? Nani atamwita? Na mwaka huu ulikuwa wa imbalu, ngoma za kadodi zilikwisha anza kusikika mtaa wa Nabuyonga, na kisu kilikuwa kimelala ndani ya kitambaa chake kikimsubiri. Akapiga moyo konde, akasema twende.

Na sasa yuko kwenye benchi, kofia magotini.

"Mzee Kutosi!" Mlango ukafunguliwa. Kijana mrefu mwenye koti zito la kujikinga na miale ya eksrei alitokeza kichwa, akatazama, kisha uso mzima ukamfunguka. "Ebo! Ni wewe kweli? Mzee, hunikumbuki? Andrew, mtoto wa mwalimu, Nabuyonga. Wewe ndiye uliyenikata!"

Moyo wa Kutosi ulishuka mpaka kwenye viatu.

"Wamekuwa wengi," alisema.

"Ulinisogelea sikioni ukaniambia nikipepesa hata kope utaondoka uniache nusu." Andrew alicheka kwa furaha ya kweli, akamshika mkono wake kwa mikono miwili. "Sijasahau! Nikiwa na shida yoyote mpaka leo, najiambia, wee, ulisimama mbele ya Kutosi, hili litakushinda? Leo mimi ndiye ninayeendesha mashine ya picha. Twende, baba."

Alikuwa kijana mwenye heshima, hakuwa na baya lolote moyoni. Lakini mwenye hofu husikia anachoogopa. Kutosi alisikia hivi: leo ni zamu yako, na mimi nitakuwa nakutazama. Kila mwisho wa mwezi kijana huyu bila shaka hurudi Nabuyonga kuwaona wazazi. Atakaa na wenzake, na kutakuwa na pombe ya mtama na mirija mirefu, na mtu atauliza habari za Jinja.

Eseza akamshika bega. "Ukiumia, useme," alimwambia. Alimjua mumewe.

Chumba kilikuwa na meza nyembamba, na juu yake mashine kubwa iliyopinda kama kwato la ng'ombe. Walimlaza kifudifudi, uso ndani ya tundu la mto. Kutoka hapo alichoweza kuona ni sakafu tu. Alisikia maji ya dawa yakipakwa mgongoni, baridi, halafu shuka ikafunika kila kitu. Daktari Meera aliinama akaongea karibu na sikio lake, na Kutosi akakumbuka, apende asipende, masikio yote aliyowahi kuyasogelea yeye.

"Mzee, sikulazi usingizi, maana nakuhitaji macho. Nitaweka sindano. Kisha nitatuma umeme kidogo sana. Ukiusikia mgongoni, pale pale panapouma kila siku, ni vizuri. Ukishuka mguuni, hata kidogo, uniambie hapo hapo. Kuna mshipa wa mguu karibu. Nikiuchoma huo, mguu unaweza kulegea. Tumeelewana?"

"Ndiyo."

"Kwenye picha mimi naona mfupa na sindano, basi. Maumivu siyaoni. Wewe ndiye utakayeniambia. Usinyamaze, Mzee."

"Ndiyo, daktari."

Alisema ndiyo kama watu wanavyomjibu padri. Sindano ya kwanza ikaingia, na Kutosi akashika kingo za meza. Chini, kupitia tundu, vilionekana viatu vyeupe vya Andrew, vimesimama sawasawa.

Umeme ukaja. Ulikuwa mtetemo mdogo, kama nyuki aliyefungiwa ndani ya kibuyu.

"Uko wapi?"

"Mgongoni. Pale pale."

"Safi."

Ya pili nayo ikawa hivyo hivyo. Kutosi alianza kupumua. Alijiambia kwamba labda ni hivi tu, labda Sharifah ni mdomo tu na chapati zake. Sindano ya tatu ikaingia chini zaidi. Nyuki akaamka, na mara hii hakukaa mgongoni. Aliteremka kwenye kalio, akapita nyuma ya paja, akafika kwenye shavu la mguu na kucheza hapo.

Kutosi akafungua mdomo. Viatu vyeupe vilisogea hatua moja karibu na meza.

"Uko wapi, Mzee?"

Ungesema nini wewe? Ni rahisi kusema ukiwa umeketi unasoma. Mtu huyu alikuwa amepita maisha yake yote akiwaambia wengine kwamba mwili hauna ruhusa ya kusema.

"Mgongoni," alisema.

"Pale pale?"

"Pale pale."

Jasho jembamba likamtoka likadondoka sakafuni kupitia tundu. Daktari alisema anageuza umeme, sasa utapiga polepole, msuli wa mgongo utaruka kidogo lakini mguu usiruke. Kutosi akaukaza mguu, paja na yote, akaukaza mpaka mfupa ukamuuma, kama alivyowaona vijana wakikaza. Umeme ukapiga ndani ya paja lile, nao msuli ukapigana nao.

"Andrew, mguu?"

"Umetulia, daktari," Andrew alijibu, na sauti yake ilijaa fahari. "Umetulia kabisa."

"Vizuri. Natia ganzi, halafu naanza joto."

Sasa sema! Sema, mzee, sema sasa! Alijipigia kelele mwenyewe kichwani na mdomo haukutii. Alisikia ganzi ikisukumwa, shinikizo zito. Alisikia daktari akihesabu joto la mashine. Mashine ikaanza kulia kwa sauti ndogo iliyopanda kidogo kidogo, na Kutosi akajiona. Alijiona yuko kwenye kigoda nje ya nyumba yao Namakwekwe, mguu mmoja umelala, Eseza anamnyanyua kumpeleka chooni, na barabarani kadodi inapita na kijana aliyepakwa unga anacheza kuelekea kwa ngariba mwingine. Watu wanamsalimia kwa huruma. Wanasema, lakini hakulia, ee, Kutosi hakulia hata kidogo. Na Eseza anamfuta kama mtoto mchanga.

Moto ukateremka. Haukuwa tena mtetemo, ulikuwa moto wa jiko, kutoka kalio hadi kisigino.

"Mama wee!" Kutosi akapiga yowe. "Mguu! Mguu! Unaungua mguu! Mama wee!"

Mashine ikazimwa papo hapo. Kilichobaki ni yeye mwenyewe, akihema na kulia, kulia kweli, machozi na kamasi, yakidondoka karibu na viatu vyeupe.

"Tangu lini?" Daktari Meera aliuliza. Sauti yake ilikuwa ya chini. "Umeme ulishuka mguuni tangu mwanzo?"

"Ndiyo."

"Nilikuuliza!"

"Uliniuliza, daktari."

Daktari alivuta pumzi. Akaondoa sindano ya tatu, akaiacha kabisa. Zile mbili za kwanza akazimalizia, na hazikuuma. Kisha akamwambia achezeshe vidole vya mguu wa kulia. Kutosi akatuma amri. Akangoja.

"Nimechezesha?"

Daktari Meera alivitazama vidole vilivyolala, akavifunika kwa shuka.

Walimsukuma kwenye chumba cha kupumzikia, karibu na dirisha. Daktari akaja akaketi kitandani kwake, ameshavua glavu, na akamweleza bila kuzungushia maneno. Ganzi ile ilikuwa imemwagika karibu na mshipa wa mguu, kwa hiyo mguu kufa ganzi kwa saa chache ni jambo linalowezekana. Au moto umeugusa. Alikuwa amezima mapema, alidhani ni mapema vya kutosha. Kwa sasa hakuna wa kujua.

"Tutajua lini?"

"Ganzi ikiisha. Tusubiri."

Tusubiri! Kutosi aliutazama mguu wake chini ya blanketi. Aliugusa kwa mkono, akasikia mkono tu. Ulikuwa na joto, ulikuwa na vinyweleo vyake, na haukuwa wake. Hofu iliyomjia hapo haikuwa na kelele. Ilikaa kifuani ikaanza kula.

Eseza akaingia mbio. "Nimesikia mtu analia huko ndani, nikakaribia kufa. Ni nani?"

Kutosi alimtazama Andrew, aliyekuwa akirekebisha mto. Andrew naye alimtazama, kisha akageukia kwa Eseza.

"Ni mgonjwa mwingine, mama. Chumba cha pili."

"Maskini! Aliitwa na mauti, yule." Eseza alikaa, akasimama, akamfunika mumewe upya. "Na wewe ulisimama imara?"

Kutosi aligeukia dirisha. Eseza alisema ataenda kutafuta chai, maana mikono yake ilihitaji kazi, akatoka.

Andrew alibaki. Alichukua kijiti cha plastiki chenye ncha, akaufunua mguu.

"Nitakuwa nachoma unyayo, baba. Ukisikia, sema."

Alichoma. "Unasikia?"

"Hapana."

Kwa muda wote ule wa alasiri, Andrew alikuwa akitoka na kurudi na kijiti chake. Unasikia? Hapana. Hapa je? Hapana. Eseza akarudi na chai, ikapoa, akaenda kutafuta nyingine. Kila hapana ilimtoka Kutosi kama jino. Nje bodaboda zilipita, na watu wazima, wenye miguu miwili kila mmoja, walivuka barabara bila kufikiri.

Safari moja Andrew hakuchoma. Alisimama tu na kijiti mkononi.

"Baba, nikuambie kitu. Siku yangu, mimi nilitikisika."

Kutosi akageuza kichwa.

"Ulipoweka kisu, goti langu lilikwenda. Nilijua nimekwisha. Lakini ulikuwa umeinama mbele yangu, na hukuinuka. Ulibaki pale pale, umenikinga na watu wote, mpaka goti likarudi. Ndipo ukainuka, firimbi ikapulizwa. Hukuwahi kusema. Sijui kwa nini ulinionea huruma, hata hivyo leo nilitaka..." Akafuta uso kwa mkono wa koti. "Kwangu mimi hakuna aliyelia chumba kile. Usiwe na wasiwasi."

Kutosi alimtazama kijana huyu, na polepole akaikumbuka siku ile. Uwanja wa mwalimu, Nabuyonga. Mvua ilikuwa imenyesha. Goti la kijana hakuliona kabisa. Alichokumbuka ni kwamba alimaliza kukata, akajaribu kuinuka, na mgongo ukakataa. Ilikuwa mara ya kwanza kabisa kumshika. Alibaki amejikunja akitafuta pumzi, akiomba Mungu watu wasigundue, na ulipomwachia akainuka. Angaliliona goti lile, angalisema. Alijijua. Angalisema mbele ya baba wa kijana.

Neno lilimfika kwenye ulimi. Akaitazama sura ya Andrew, akaona jinsi kijana alivyolibeba jambo hilo miaka yote, jinsi alivyolisimamia.

"Choma mguu," alimwambia.

Andrew akainama, akachoma.

"Hapana," Kutosi alianza, kisha akainua kichwa. Kulikuwa na kitu. Kilikuwa mbali, kama mtu anayegonga mlango wa nyumba ya jirani. "Choma tena. Hapo hapo. Choma kwa nguvu!"

Andrew akachoma kwa nguvu.

"Aaaiii!"

Kelele hiyo ilitoka chumbani, ikapita ukumbini, ikafika hadi getini alikosimama Eseza na chai yake. Wauguzi wawili walikuja mbio. Daktari Meera alikuja mbio. Eseza alifika wa mwisho, chai imemmwagikia gauni lote, macho yamemtoka.

"Nani analia tena? Ni nani?"

Kidole kikubwa cha mguu wa kulia kilikuwa kikicheza juu ya shuka, kidogo tu, kama cha mtoto. Daktari Meera alikaa kitini ghafla, akaziba mdomo kwa mkono.

"Ni mimi," alisema Mzee Kutosi, na machozi yalikuwa yakimtiririka tena bila aibu mbele yao wote. "Na yule wa kwanza pia alikuwa mimi, Eseza. Nililia, nikamwita mama. Uwaambie na huko nyumbani."

Kisha akamshika Andrew mkono kwa mikono yake miwili, akaushikilia. Kuhusu siku ile ya Nabuyonga hakumwambia kitu.